Kutoka Lubumbashi kwenda Zanzibar na wazee na watoto: tupange vipi kila mtu afurahie?

Mama_Kampemba (mwenye uzi)

Wapendwa, hodi humu. Naandika kutoka Lubumbashi, Kongo. Mvua bado inanyesha, ila naanza mapema kwa makusudi, maana likizo kubwa ya watoto ni Julai na Agosti, na mwaka huu tumeamua kuwapeleka baba na mama Zanzibar.

Baba ana miaka 74. Alifanya kazi mgodini mpaka magoti yakakataa, na bahari hajawahi kuiona kwa macho yake. Kila ikionyeshwa kwenye televisheni ananyamaza, halafu anauliza kama kweli maji yote yale ni ya chumvi mpaka katikati. Mama ana miaka 68, ana sukari na presha, na ameshasema: "Miye bahari nitaiangalia tu, mu maji siingii." Wengine ni mimi, mume wangu, mdogo wangu wa kike, na watoto watatu. Mkubwa ana miaka 13, ni mtoto wa marehemu kaka yangu tunayemlea sisi. Wa kati ana miaka 7. Wa mwisho ana mwaka mmoja na miezi kadhaa, bado analala mchana.

Tatizo ni kwamba kila mtu ana Zanzibar yake kichwani. Mdogo wangu anataka Paje kwa sababu ya picha. Mume wangu anataka Mji Mkongwe. Mkubwa anauliza kuhusu intaneti tu. Baba na mama hawajaomba chochote, na hilo ndilo linaniumiza roho, kwa sababu najua watakubali kila kitu halafu wateseke kimya kimya. Nisaidieni kupanga. Tukae upande gani, nyumba au hoteli, na tusifanye nini?

Mwana_Jambiani

Karibuni sana, mama. Mimi nimezaliwa pwani ya mashariki ya Unguja na naipenda kuliko mahali popote, lakini kwa msafara wako nakwambia nenda kaskazini, Nungwi au Kendwa. Sababu ni maji.

Bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku saa zake zinasogea mbele kwa kama dakika hamsini. Huku kwetu Jambiani, Paje na Bwejuu, maji yakipwa yanakimbilia mbali mpaka kwenye mwamba, yanabaki mabwawa ya kufika vifundoni, mawe, na akina mama wakishughulika na mwani wao kwenye vijiti. Mtu mzima mwenye viatu anafurahi kutembea kule. Mzee mwenye magoti mabovu hawezi, na mtoto mdogo atakanyaga wale wadudu wa baharini wenye miiba mirefu myeusi. Siku za bamvu, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanaenda mbali zaidi. Siku za maji mafu yanabaki karibu. Nungwi na Kendwa ufuko unashuka haraka, hata yakipwa bado mtu anapata pa kuoga.

Jambo la pili ni upepo. Julai na Agosti ni kusi. Hewa ni nzuri, mvua chache, joto halichoshi, ni msimu mzuri kabisa kwa wazee. Lakini kusi inapiga moja kwa moja pwani ya mashariki, ndiyo maana vijana wa kuruka na matiara wanajazana Paje. Mchanga unaruka mpaka kwenye sahani. Magharibi na kaskazini mnakuwa mmejikinga kidogo.

Mdogo wako asikate tamaa. Aje Paje siku moja kwa gari, apige picha zake, arudi. Kisiwa chenyewe ni kilomita 85 hivi kutoka ncha hadi ncha.

Nesi_Katuba

Yaya, yaani dada yangu mkubwa, mimi ni muuguzi hapa hapa Lubumbashi. Kabla ya tiketi, kabla ya hoteli, anza na kadi ya manjano. Sisi tunatoka nchi yenye homa ya manjano, kwa hiyo Tanzania itaidai kwa kila mtu kuanzia mwaka mmoja, na mtoto wako wa mwisho ameshaupita. Kadi inaanza kuhesabika siku kumi baada ya sindano. Tangu Julai 2016 chanjo ile ni ya maisha yote, kwa hiyo fungueni makabati. Baba akipata kadi yake ya zamani yenye muhuri, hahitaji kuchanjwa tena.

Kama hawajawahi kuchanjwa, hapo ndipo ninapokuomba usikimbilie foleni. Mtu aliyepita miaka 60 akichanjwa homa ya manjano kwa mara ya kwanza, hatari ya madhara makubwa ni kubwa kuliko kwa kijana. Ni nadra, lakini ipo. Mpeleke kwa daktari anayejua historia yake, apime, aamue. Daktari akiona haifai, anaweza kumwandikia cheti cha kusamehewa chanjo, na cheti hicho kiwe na muhuri wa huduma ya afya ya mipakani, siyo karatasi tupu. Na kabla hamjanunua tiketi, ulizeni konsula wa Tanzania watakipokeaje. Hii ni kazi ya wiki, si ya siku mbili.

Mama na sukari yake: dawa zote kwenye mkoba wa mkononi, hata siku moja zisiingie kwenye sanduku linaloenda tumboni mwa ndege. Kama anatumia insulini, kule chini inaweza kuganda na ikaharibika. Abebe na ordonansi, karatasi ya dawa ya daktari, yenye jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti. Dawa ziwe za siku zote pamoja na akiba ya wiki. Saa za Zanzibar ziko mbele ya Lubumbashi kwa saa moja, hilo halimsumbui, ila chakula kinachochelewa ndicho kinachomwangusha. Safari ya ndege na kusubiri uwanjani ni siku nzima, asitegemee wanachogawa humo ndani. Na viatu, yaya! Mwenye sukari asitembee peku kwenye mchanga wa moto. Miguu yake huenda haisikii, na kidonda kidogo cha jiwe la matumbawe ni shida ya miezi.

Malaria Zanzibar imepungua sana lakini haijaisha. Neti na dawa ya kujipaka vinatosha kwa wengi wenu, kuhusu wazee na mtoto ongea na daktari siku hiyo hiyo ya chanjo.

Papa_Ruashi

Nesi amesema vizuri. Mimi naongeza makaratasi, maana ndiyo yanayowarudisha watu nyumbani na masanduku yao.

Huyo kijana wa miaka 13, mtoto wa marehemu: usifike uwanja wa ndege wa Luano bila hati ya ulezi, cheti cha kifo cha baba yake, na kama mama yake yuko hai, kibali chake kilichothibitishwa. Watu wa uhamiaji, DGM, wanauliza, na wana haki ya kuuliza, watoto wanaibiwa. Tengeneza nakala kadhaa. Hata watoto wako mwenyewe, beba vyeti vya kuzaliwa.

Mtoto wa mwisho: tazama atatimiza miaka miwili lini. Chini ya miaka miwili anapakatwa na bei yake ni ndogo, lakini mashirika mengi yanahesabu mpaka siku ya kurudi. Akitimiza mkiwa kule, anahitaji kiti.

Halafu kuna Go-Pass, ada ya uwanja wa ndege, ya dola 50 kwa anayetoka nje ya nchi. Kwa mtu mmoja unalipa na kusahau, kwa ukoo mzima ni pesa ya kupangiwa. Zanzibar nayo tangu tarehe 1 Oktoba 2024 inawadai wageni bima ya safari kutoka Shirika la Bima la Zanzibar. Bei iliyotangazwa ni dola 44 kwa mtu mzima, na inalipwa mtandaoni kabla ya kufika. Kongo iko kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, kwa hiyo someni vizuri makundi kwenye fomu kabla ya kulipa. Habari za viza nazo mmuulize konsula siku ile ile ya kuuliza habari za chanjo.

Dola zenu ziwe mpya na safi. Noti za zamani, zile za vichwa vidogo, wanazikataa au wanazipunguza thamani. Na mkifika, badilisheni kwenye duka la fedha. Tangu Machi 2025 kanuni za Tanzania zinakataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni, kwa hiyo ile tabia yetu ya kulipa kila kitu kwa dola iacheni Luano.

Mwisho, mifuko ya plastiki. Imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019. Najua akina mama wetu, samaki wetu wa mikebuka wanafungwa kwenye mfuko juu ya mfuko. Tumieni vitambaa na makopo. Na suruali za watoto zenye madoa kama za jeshi zibaki nyumbani, kule sheria haicheki.

Kijana_Kamalondo

Kwa nini msiende kwa barabara mpaka Kapiri Mposhi halafu TAZARA mpaka Dar? Kilomita 1,860 za reli, mnaona mbuga na milima, wazee wanasimulia. Itakuwa safari ya kukumbukwa.

Papa_Ruashi

@Kijana_Kamalondo ni safari nzuri kwako wewe, mwanangu. Kwa mama wa sukari na mtoto wa nepi, mpaka wa Kasumbalesa peke yake unatosha kuwamaliza. Waende kwa ndege. Zipo zinazounganisha na Dar, na zipo za kupitia Addis Ababa au Nairobi. Yenye kubadilisha mara chache ndiyo nzuri, hata ikizidi bei. Na kiti cha magurudumu cha baba kiombwe wakati wa kununua tiketi. Hakilipiwi, na kinawapitisha haraka. Asione aibu.

Yaya_wa_Likasi

Mdogo wangu Mama_Kampemba, wote wamesema mambo ya njiani. Mimi nizungumzie ndani ya nyumba, maana huko ndiko safari za ukoo zinakovunjikia.

Umeandika kwa upole kwamba mume wako na mama yako wote wanaenda, ukapita. Nimekuelewa. Buko, yaani ukwe, ni buko, hata baharini. Mume wako hawezi kutoka na kaptula ya kuogelea akapita mbele ya mama yako anayekunywa chai, na mama yako hawezi kulala mchana akijisikia yuko huru kama mkwe wake anakaa sebule ile ile. Mtalazimishana kuwa watu wa kisasa na siku ya tatu kila mmoja atakaa chumbani kwake. Nilimsindikiza mama yangu pwani na wakwe, na kilichotuokoa ni nyumba mbili ndogo kwenye uwanja mmoja, kila moja na mlango wake, choo chake na baraza lake. Wazee chini kabisa, bila ngazi hata moja, na choo ambacho baba anafika usiku bila kupita kitanda cha mtu. Kabla ya kulipa mwombe mwenye nyumba akutumie picha ya bafu: kizingiti kikoje, kuna pa kushika ukutani? Picha za bahari zitakuja zenyewe.

Chakula cha jioni ndicho cha kukutana wote. Asubuhi kila nyumba na chai yake. Saa za kuoga, mume wako na watoto waende mapema, wewe na mama mkae baraza. Jioni maji yakijaa mbadilishane. Hakuna atakayetangaza, kila mtu ataelewa, na heshima inabaki.

La pili, usimgeuze mama yako yaya wa watoto. Utashikwa na tamaa, maana yeye mwenyewe atajitolea: "Nendeni, miye nitabaki na mutoto." Siku ya kwanza ni mapenzi, siku ya nne ni kazi. Pangeni zamu tangu nyumbani, nani anabaki na mdogo akilala mchana, wewe, mume wako, mdogo wako. Nkambo, yaani bibi au babu, akimchukua mjukuu, iwe ni kwa kutaka kwake. Na huyo mkubwa mpe kazi ya heshima: awe msaidizi wa babu yake. Abebe kiti, ajue saa za maji kujaa, ampige picha akigusa bahari mara ya kwanza. Kijana wa miaka 13 akipewa mzee wake, simu anaisahau bila kunyang'anywa.

La tatu ni pesa, na liseme kabla hamjaondoka. Watoto wote wa baba wachange wanaochanga, kiasi kijulikane, mtu mmoja ashike mfuko. Wazee wapewe pesa yao mkononi, ya kununua wanachotaka bila kuomba. Mzee anayesafirishwa bila senti mfukoni anajisikia mzigo hata kama mmemwekea kitanda cha dhahabu.

Mama_Kampemba (mwenye uzi)

Yaya, nimesoma maneno yako nikamwonyesha mume wangu. Alicheka kwa kupumua. Kumbe alikuwa anawaza hilo la buko tangu tulipoanza, na hakujua aniambie vipi. Mungu akubariki.

Basi mpango unabadilika hivi. Nungwi, nyumba mbili uwanja mmoja, za chini. Tusihamehame, tulale mahali pamoja siku zote. Kesho nampeleka baba kwa daktari kwa habari ya kadi, naye leo mchana kutwa amefungua makaratasi yake ya kampuni akitafuta. Nina maswali mawili tu. Kutoka Dar, boti au ndege? Na mume wangu bado anaililia Mji Mkongwe, na baba naye akasema angependa kuona "kule walikouzwa watu". Magoti yatamruhusu?

Mwana_Jambiani

Boti za kasi zinachukua kama saa mbili, na Julai mlango wa bahari unachafuka kwa kusi. Asubuhi mapema ni afadhali kuliko mchana. Lakini bandarini kuna foleni, mizigo na ngazi, na mtu asiyezoea atatapika. Ndege ni kama dakika ishirini. Mimi ningewapandisha wazee na mtoto ndege pamoja na mtu mzima mmoja, na wengine waje na boti kama wanaitaka. Au wote ndege wakati wa kwenda, na siku ya kurudi, kama bahari imetulia, baba apande boti aione vizuri.

Mji Mkongwe mzee anauweza, ukimchagulia. Magari hayaingii vichochoroni, kwa hiyo shusheni Mkunazini, karibu kabisa na kanisa la Anglikana, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa 1873. Vile vyumba vya chini vina dari fupi na ngazi, baba asishuke. Akae kwenye bustani penye sanamu za watu waliofungwa minyororo halisi shingoni, wamesimama ndani ya shimo, anawaona akiwa amekaa. Na ndani ya kanisa mwambieni amwombe mwongozaji amwonyeshe msalaba wa mbao. Mti wake ulitoka Chitambo, pale Livingstone, yule msafiri Mzungu, alipofia mwaka ule ule wa 1873.

Mzee_Bunkeya

Nimefuata uzi huu kimya, lakini hapo lazima niseme. Chitambo iko Zambia, ng'ambo ya mpaka wetu, si mbali na sisi watu wa Katanga. Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, waliubeba mwili wake kwa miguu mpaka pwani. Mwambie baba yako, binti yangu, kwamba njia ile ya kwenda bahari babu zetu waliijua vizuri. Msiri mwenyewe alitoka kwa Wanyamwezi akaja kutawala Bunkeya. Shaba na pembe za ndovu za kwetu zilifika pwani, na watu wetu pia, wamefungwa. Na kapteni Stairs, ambaye msafara wake ulimuua Msiri mwaka 1891, alianzia safari upande huo huo wa bahari.

Kwa hiyo wajukuu wakifika pale wasiambiwe ni historia ya watu wengine. Babu yao akae nao kwenye ile bustani, awaeleze kwa Kiswahili, lugha iliyotembea njia hiyo hiyo mpaka ikafika Lubumbashi. Hiyo siku msiweke kitu kingine. Wale, warudi, walale.

Mama_Kampemba (mwenye uzi)

Nkambo, aksanti sana. Nimemsomea baba. Ameniomba nirudie sehemu ya msalaba, halafu akamwita mkubwa aje asikilize. Siku hiyo itakuwa yao wawili kwanza, sisi tutafuata nyuma.

Mwana_Jambiani

Basi nimalizie madogo. Kisiwa cha Changuu chenye kobe wakubwa wa Shelisheli watoto watakipenda, ila kupanda boti ni kuingia majini na kuruka, wazee wabaki. Nungwi hapo hapo kuna bwawa la kasa Mnarani, mnafika kwa gari na ni tambarare, wa miaka 7 atataka kulala huko. Msitu wa Jozani una kima punju wanaokaa karibu na njia, mama atawaona bila kutembea sana. Mkiwa vijijini na mjini, magoti na mabega yafunikwe, kwa vitenge vya mama yako hilo si tatizo.

Mama_Kampemba (mwenye uzi)

Na bukari, ugali wetu? Baba asipokula bukari siku mbili anasema hajala.

Mwana_Jambiani

Unga wa mahindi umejaa madukani, waombe sembe, ndio mweupe. Ndiyo maana nyumba yenye jiko ni bora kuliko hoteli. Samaki mnunue Nungwi asubuhi ngalawa zinaporudi, wanapiga mnada pale pale ufukweni. Baba aende na mkubwa. Mwiko mkubwa wa kusongea mje nao, wa kwetu huenda akauona mdogo.